Ndege za pembeni ya ziwa Kivu, Bukavu mpaka Katana: tulizoona, na moja yenye tulishindwa kutia jina

Mwana_Muhungu

Jambo ba ndugu, ba dada, ba papa na ba mama. Nitaandika kirefu, munivumilie, juu hii kitu imenikaa ku roho tangu siku ya Mungu na ku mwisho nitahitaji batu benye banajua banisaidie.

Tulitoka Bukavu na gari ya mujomba wangu, tukafuata njia ya Kavumu mpaka Katana, kazi yetu ni kuangalia ndege tu, zile za maji na zile za makucha. Hakukuwa matanga, hakukuwa ndoa, hakukuwa muzigo ya kupeleka. Mujomba ameendesha ku ile njia zaidi ya myaka makumi mawili na anasema haijafikaka hata siku moja asimamishe gari juu ya ndege. Tulikuwa bane: yeye ku volani, miye, rafiki yangu mwenye alikuja na jumele yake, kile chombo cha kuangalia mbali, na mutoto ya dada yangu wa myaka 13, mwenye macho yake inaona mbali kutushinda siye wote.

Mbele ya kutoka mu muji tulishuka kwanza pembeni ya maji upande wa Nguba, saa kumi na mbili na nusu hivi. Ziwa imetulia kabisa, ile mitumbwi mitatu-mitatu yenye bamefunga pamoja na miti mirefu ilikuwa inarudi toka kuvua usiku, wavuvi banaimba. Njo pale nilikaangalia vizuri kale ka ndege keusi na keupe, hata kama ninakaonaka tangu utoto. Kanasimama mu hewa juu ya maji, mabawa inakimbia lakini kichwa haitikisiki hata kidogo, sawa vile bamekatundika na uzi. Kisha kanajiachilia, mudomo mbele, chubwi! Mara ya kwanza bure. Ya pili bure. Ya tatu kakatoka na sambaza inang'aa mu mudomo, kakaimeza palepale mu hewa, hakakurudi hata ku muti. Rafiki akanionyesha kitu yenye sikujuaka: dume iko na mikanda mibili myeusi ku kifua, jike iko na moya tu, tena umekatika katikati. Tangu pale kila kenye kalipita mutoto alikuwa anakatia jina kwa sauti: mama! papa! mama!

Muzee moja wa mutumbwi akatukumbusha kama sambaza si ya hapa, bailitoa Tanganyika bakaimwaga mu Kivu mwisho wa myaka ya 1950. Nilifikiri sana. Ziwa yenye kwenda chini karibu mita 480, lakini samaki zinaishi paka mu mita 60 hivi ya juu, kule chini ni maji bila hewa na gaz tu, na hii samaki ndogo ya kuletwa njo inalisha muji muzima, inalisha na kale ka ndege, inalisha na ule mweusi wa kuzama. Ule tulimuhesabu ku mawe, zilikuwa kumi na moja, zote zimefungua mabawa sawa nguo ku kamba. Manyoya yake inakunywaka maji, haiko kama ya bata, hiyo inamusaidia kuzama lakini akitoka lazima akauke kwanza.

Sasa musikie hii, juu ilitupotezea karibu saa mbili. Ukitoka Bukavu kwenda Katana ziwa iko upande wako wa kuume, ni kusema mashariki, na jua inatokea kulekule juu ya maji. Kila ndege yenye tuliona ku maji ilikuwa kivuli tu, nyeusi yote, hauone rangi, hauone mudomo, macho inauma. Tulikuwa tunashuka, tunapanda, tunashuka, bure. Mujomba njo alisema: "Batoto, juu ya nini munapigana na jua? Asubui muangalie mulima. Maji tutaiangalia tukirudi." Na njo ilikuwa vile. Asubui jua inapiga mulima uso kwa uso, kila muti na kila poto ya umeme inaonekana, na kuanzia saa tatu, saa ine, udongo ikisha kupata moto, hewa inaanza kupanda na zile kubwa za makucha zinapanda nayo, zinazunguka bila kupiga bawa. Mangaribi jua inakuwa nyuma ya mulima yako na maji inakuwa wazi mbele yako. Mutu mwenye kupanga safari bila kujua hii atarudi anasema hakuna ndege.

Kitu ingine: tulikuwa tunaona mingi tukibakia mu gari kuliko tukishuka. Gari ndege zimeizoea, mutu mwenye miguu mibili njo zinaogopa. Unazima motere, unashusha kioo, unangojea dakika kumi.

Kwetu, na ninajua hata kwenu, kila yenye iko na makucha tunaiita kipanga, basi, yule wa kuiba bifaranga. Siku ya Mungu nilijua kama nilikuwa ninachanganya hata nne. Juu ya soko ya Mudaka kulikuwa ile ya rangi ya udongo, mukia yake imekatwa katikati sawa mukasi, anaizungusha huku na kule njo anapinda nayo. Ku poto mbele ya Miti kulikuwa ingine nyeusi yenye manyoya marefu imesimama ku kichwa, upepo inaipeperusha, ikiruka unaona madirisha meupe mu mabawa. Juu ya mashamba ya muhogo kulikuwa ya tatu, tumbo meupe pe, mugongo mweusi, mukia mwekundu sawa tofali ya kuchoma, imesimama mu upepo haiende mbele hairudi nyuma, inaangalia chini tu. Rafiki anasema kwa Kifaransa ile ya kichwa ni aigle huppard na hii ni buse augure.

Ya ine njo swali yangu. Kati ya Miti na Kavumu, ku kaliptusi yenye kukauka, kulikuwa ndege kubwa nyeusi yote, kifua nyeusi, tumbo nyeusi, kichwa haina manyoya marefu hata moya. Ikaruka nyuma ya muti, haikumaliza sekonde tano. Mutoto anasema aliona mukia mwekundu. Miye sikuona mwekundu, rafiki hakuona, tukamuambia amechanganya na ile ya mbele. Akanyamaza, lakini akaandika mu kaye yake "mukia mwekundu" na akapiga musitari chini. Ni ndege gani?

Mangaribi, pembeni ya maji chini ya Katana, tulimusikia mbele ya kumuona. Ile sauti ya juu yenye kukata roho, kichwa anaitupa mpaka nyuma ku mugongo. Kichwa nyeupe, kifua nyeupe, tumbo kahawa. Ziko mbili, moya anaita, mwenzake anaitika ku muti ingine. Kisha moya akashuka, hakuzama, alinyoosha miguu tu akapita juu ya maji na samaki ikatoka. Mujomba alishika volani na mikono mibili kama vile tunakimbia, na gari ilikuwa imezimwa. Akasema: "Nimeipita hii sauti kila siku."

BahariaMwanza

Ndugu yangu Mwana Muhungu, hongera sana kwa kuandika haya. Sisi huku Ziwa Victoria tunazo karibu zote ulizotaja, ngoja nikupe majina ya Kiswahili maana yapo na yanapotea hivi hivi. Huyo wa kichwa cheupe anayelia ni furukombe. Mweusi wa kuzama na kuanika mabawa ni mnandi. Kadogo keusi na keupe ni mdiria, wapo wadiria wa aina nyingi ila huyo ndiye pekee kwenu na kwetu anayesimama hewani muda mrefu namna hiyo, ndio maana anaweza kuvua mbali na ufukwe, wengine wanahitaji tawi. Wa mkia wa mkasi ni mwewe. Kipanga kwa wazee wetu ni yule mdogo mwenye mbio anayekamata ndege wenzake, sasa mkiwaita wote kipanga mwewe anabeba lawama za kipanga na kipanga za mwewe.

Furukombe nyayo zake zina miiba midogo midogo chini, ndiyo inayoshika samaki asiteleze. Na hachagui, akimuona mwenzake au korongo kakamata samaki mzuri anamfuata mpaka anamnyang'anya. Jike ni mkubwa kuliko dume.

Swali, pale kwenye mawe hamkuona kandege kadogo ka kahawia kanachotikisa tikisa mkia kila kakisimama? Huyo ni kitwitwi. Anatoka Ulaya na Urusi huko kuanzia mwezi wa nane wa tisa hivi, anakaa kwetu mpaka mwezi wa nne halafu anarudi kuzaa. Kanakuja peke yake usiku kwa usiku, ukikashika hakazidi uzito wa yai la kuku, nikikaona huwa nasimama kabisa kukaangalia.

Mama_Kalehe

Aksanti mwanangu kwa maneno mazuri. Miye nauza sambaza tangu niko binti, ninaanika pembeni ya maji, na hiyo mwewe ninaijua kuliko munavyoijua ninyi benye jumele. Anakuja nyuma yako, siku zote nyuma, na anakuja ukiinama. Hashuke chini, anapita tu na mukono yake inachukua, kisha anakula palepale mu hewa, anainamisha kichwa ku mguu wake huku anaruka. Siku moja alinitolea samaki mu vidole na sikusikia hata kucha, nilisikia upepo tu ku shavu.

Zamani tulikuwa tunazitupia mawe. Sasa ninatandika chandarua ya zamani juu ya sambaza, inzi haziingii na mwewe haoni pa kushika. Simuchukii. Akiwa anazunguka mingi juu ya maji asubui tunajua kuna samaki zenye zimekufa zinaelea ama nyavu iko inarudi.

Kitu yenye inaniuma ni nyavu za kutupwa. Mutu nyavu yake ikipasuka anaiacha mu maji, na ule mweusi wa kuzama, huyo mnandi kama vile ndugu wa Mwanza amesema, anaingia akifuata samaki, hatoki tena. Nilitoa moja mbele ya noeli, mabawa imefungwa yote, macho yake ni ya kijani sawa chupa, hata sikujuaka kama iko na macho ya namna ile. Alikuwa amekwisha kufa. Nyavu ikiisha muichome ama muifukie mbali na maji, tafazali.

Fundi_Mugunga

Salamu toka Goma. Yaya Mwana Muhungu, kwetu tungependa kufanya vilevile kufuata njia ya Sake, pembeni ya golfe ya Kabuno kuna korongo mingi na nyange zinalala mu miti karibu na maji, saa kumi na moja ya mangaribi miti inakuwa nyeupe. Lakini ninaomba kusema neno mbili kwa benye watakuja huku.

Ya kwanza ni mazuku. Batu ba Bukavu hamuijue sana. Ni gaz yenye kutoka mu udongo ya volkano, haina rangi, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inajilaza mu bishimo, na inakuwa mbaya zaidi usiku na asubui mapema wakati upepo haiko. Upande wa Lac Vert na mpaka Sake kuna pahali yenye mbuzi inaingia inaanguka palepale. Sasa muangaliaji wa ndege anafanya nini? Anakuja mapema asubui, anashuka chini pembeni ya maji, anachuchumaa mu shimo ili ndege isimuone. Ni saa ileile na pahali palepale penye kuua. Ukiona mu shimo panya imekufa, ndege ndogo imekufa, majani imekauka pembeni ya mazima, usishuke hata kama furukombe iko anakungoja chini. Ulizeni batu ba pale, banajua kila shimo kwa jina. Na mutoto usimuache atangulie, yeye ni mufupi, pumzi yake iko karibu na chini.

Ya pili ni jumele. Miye nilisimamishwa ku bariere saa mbili nzima juu ya jumele na kamera, banauliza ninapima nini. Sikukasirika, ninaelewa, huku kwetu mutu mwenye kuangalia mbali na chombo watu wanawaza bita. Sasa ninafanya hivi: nikifika ninaenda kusalimia kwanza shefu wa kartye, ninamuonyesha kitabu ya foto za ndege, jumele inabakia mu sakoshi. Bariere, daraja, porti, kambi, uwanja ya ndege ya chuma, hapo hapaangaliwe hata kama ndege nzuri iko juu ya paa. Na ukimupa soda jumele aangalie yeye mwenyewe ile mwewe, anacheka na anakuonyesha ingine.

Musambi mumeiona? Ile ya taji ya dhahabu. Siku hizi huku inaonekana mara chache, mabonde yenye ilikuwa inazalia imekuwa mashamba, na bitoto byake batu banabikamata kwenda kuuza bikae mu bipango bya matajiri. Tangu 2012 iko ku liste ya zenye ziko karibu kwisha duniani.

Lushois_wa_Kenya

Huku Lubumbashi hatuna ziwa kama yenu, commune yangu ndio inaitwa Kenya, si inchi. Siye tunaenda ku Tshangalele, ile maji yenye ilibaki nyuma ya barrage ya Mwadingusha ku Lufira, depi 1930. Ni maji ya mufupi yenye matete, siyo mawe sawa kwenu, kwa hiyo tunaonaka salili anatembea juu ya majani ya maji na vidole virefu, bata mingi, na ma korongo. Nilikuwa ninafikiri furukombe ni ya huku tu. Kumbe analia na kwenu.

Ile nyeusi siwezi kujibu, huku haiko.

Mulimi_Kavumu

Nimesoma yote mpaka chini ndio naandika. Mutoto yuko na haki.

Ninalima karibu na pale munasema, na ile kaliptusi ya kukauka ninaijua, mvua ya radi iliipiga. Ile ndege nyeusi ni ileile buse augure ya tumbo nyeupe. Ziko zenye zinazaliwa nyeupe na zenye zinazaliwa nyeusi, mama moya baba moya, na nyeusi inabakia nyeusi maisha yake yote. Mugongo, kifua, tumbo, vyote vyeusi. Kitu haibadilike ni mukia. Mukubwa akisha kukomaa mukia ni mwekundu, awe mweupe awe mweusi. Kwa hiyo mukimuona anageuka ku jua munaona moto nyuma. Ninyi mulikuwa upande wa kivuli, mutoto alikuwa dirisha gani?

Na ninaomba niseme juu ya ile jina kipanga. Hii ndege kazi yake ku shamba yangu ni fuko na panya. Fuko inakula mizizi ya muhogo na kolokazi toka chini, mutu unafika kuvuna unakuta shimo. Nilimuona siku moya amesimama chini, ndiyo chini ku udongo, dakika nyingi bila kutikisika mbele ya kichuguu ya fuko yenye ilikuwa inasogea, akaingiza mguu moya akatoa. Jirani yangu alitia sumu ya panya mu shamba, panya zikakufa polepole huku zinatembea, na ndani ya juma moya nikaokota ndege ingine ya makucha, ile ya manyoya ku kichwa, chini ya poto, haina kidonda. Sumu ilipita mu panya. Tulimukalisha jirani tukaongea naye kwa heshima, sasa anatumia mitego. Bifaranga byenye byanaibiwa kwangu ni mwewe na kale kadogo ka mbio, na nikifungia kuku na watoto wake mpaka saa tano mara nyingi haipotee.

Mwana_Muhungu

Aksanti sana ba ndugu, aksanti mama Kalehe, yaya wa Mugunga neno yako ya mazuku nimeisomea nyumba yote. Papa Mulimi, mutoto alikuwa dirisha ya kushoto nyuma. Siye bengine tulikuwa tunaangalia kupitia kioo ya mbele.

Tulirudi jana. Mujomba njo alisema twende, hakungoja miye niombe, na safari hii alipitisha gari mbele ya ile kaliptusi akaenda kugeukia juu kule, akarudi polepole ili jua iwe ku mugongo yetu, akazima. Saa tatu na robo. Muti ilikuwa tupu. Tukangojea. Mama moya alipita na muzigo ya makala akauliza kama gari imekufa, mutoto akamuambia hapana mama, tunangoja ndege, naye akashusha muzigo akangoja na siye.

Ya tumbo nyeupe ilikuja kwanza, ikakaa ku tawi la juu. Kisha nyeusi ikatoka nyuma ya mulima na majani mabichi mu makucha, tawi muzima la kaliptusi, ikapita juu ya gari chini kabisa, na ilipopinda ili ikae mukia ikafunguka yote. Mwekundu. Ikasimama pembeni ya ile nyeupe, bega kwa bega, mikia mibili rangi moya.

Rafiki alitaka kumuambia mutoto pole. Hakumusikia, alikuwa anaandika: nyeusi na nyeupe, zinajenga, saa tatu na dakika makumi ine. Tutapita tena kisha majuma mbili kuona kama moya iko inalalia mayai. Papa Mulimi, kama uko shambani siku ile, tutakuletea na jumele.